Sauti ya Tatu

Jumamosi, 6 Septemba 2025
Nimeanza kuandika tena. Hakuna mtu atasoma, kwa hivyo nisijidanganye. Leo nilikuwa naosha vyombo, nikaanza kuimba, nikanyamaza kabla ubeti haujaisha. Miaka mitatu tangu ile operesheni ya shingo. Uvimbe ulitoka, sauti nayo ikaenda. Daktari alisema mshipa wa sauti uliguswa kidogo tu. Kidogo! Watu walikuwa wanatoka mpaka Juja kuja kunisikia nikiongoza kwaya hapa Kamenu, Thika. Nyimbo zangu nilikuwa nimeshazitunga, bado studio tu. Sasa naongea kama mtu aliyemeza mchanga. Watoto wa nasari ninaowafundisha huniiga wakidhani sisikii.

Gachau aliingia jikoni akanikuta nimeegemea sinki. Mume wangu hajui kuuliza. Aliwasha redio, akaiongeza sauti. Anadhani hiyo ndiyo huruma.

Jumapili, 7 Septemba
Kanisani. Nekesa ameimba peke yake mbele, ile sehemu iliyokuwa yangu. Ni rafiki yangu, hata kuvuta pumzi mimi ndiye nilimfundisha. Aliimba vizuri — hapo ndipo paliuma. Baadaye akanishika mkono, akasema nirudi kwaya, hata kama ni kupiga pasi majoho. Hakuwa na ubaya. Nikacheka naye. Halafu nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia mpaka pua ikafura.

Tukirudi nyumbani Gachau akasema, "Kui, wachana na hiyo maneno. Mungu alichukua, hakukosea."

Si mtu mbaya. Hospitali alinilisha uji kwa kijiko, kila asubuhi kabla ya kwenda kufungua duka lake la vipuri. Lakini aki, kuna siku natamani akasirike badala yangu.

Jumatano, 10 Septemba
Dada yangu Rachael amepiga simu kutoka Gitothua. Kuna kwaya huko Ruiru inatafuta waimbaji wa Krismasi. Ati huko hakuna anayenijua. Nikasema siendi. Nikasema tena siendi. Halafu nikauliza wanakutana saa ngapi.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeenda. Gachau nilimwambia naenda kumsaidia Rachael kufua.

Mwalimu wao anaitwa Austine, kijana mpole, mrefu, anatembea na kinanda kidogo kwapani kama mkate. Akanipa noti ya kuanzia kwa kinanda. Nikaanza sauti ya kwanza, ile ya juu, ile yangu. Nilikuwa na tumaini, mjinga mimi! Mstari wa kwanza ukaja. Wa pili ukapanda, mimi nikabaki chini. Ilitoka hewa tu, kama pampu ya baiskeli. Austine akanijaribu sauti ya pili. Pia hapana. Mama mmoja mwenye kitambaa kijani akasema, wala si kwa kunong'ona, huyu ana homa, mwacheni akanywe dawa.

Kisha akaniangalia vizuri. "Haiya! Wewe si ni yule Kui wa Thika? Si uliimba kwa harusi ya mtoto wangu?"

"Hapana, mama. Umenifananisha."

Nimejikana. Tena kanisani.

Jumatatu, 15 Septemba
Siendi tena. Leo nimewaambia watoto wachore, maana hata wimbo wa alfabeti sikuweza kuuanzisha. Mchana nilifungua simu nikazisikiza zile nyimbo zangu, zile nilizojirekodi kabla ya operesheni. Huyo mwanamke simjui. Anaimba kama mtu ambaye hajawahi kunyimwa kitu. Nikazifuta. Moja, nyingine, zote. Nilidhani nitakuwa mwepesi.

Nimekuwa tupu.

Alhamisi, 18 Septemba
Hakuna kitu. Nimepika, nimelala.

Jumamosi, 20 Septemba
Jana Austine alipiga simu. Akasema amefikiria sauti yangu wiki nzima. "Dada, haijaharibika. Imeshuka. Kuja nikujaribu mahali pengine."

Leo nimeenda. Mahali penyewe kumbe ni kwenye safu ya wanaume. Sauti ya tatu! Nilitaka kushika mlango nitoke. Vijana wakacheka, na wale wa sauti ya nne wakacheka kwa chini, kama ng'ombe. Mzee Kyalo hakucheka. Yeye ndiye nguzo ya sauti ya tatu, ameiimba tangu Austine hajazaliwa.

"Mwalimu, unatutia aibu," alisema. "Wanaume tumeisha Ruiru?"

Nikaimba kwa hasira. Noti ikanikuta pale pale nilipokuwa. Sikupanda, sikusukuma. Haikuwa tamu, ilikuwa na mikwaruzo — lakini haikukatika! Mpaka mwisho wa ubeti haikukatika.

Mzee Kyalo akakohoa, akasogea kidogo kwenye safu. "Simama hapa. Unakimbia sana. Nisikize mimi."

Furaha ilinifikisha nyumbani tu. Nilipojiona kwa kioo ikaisha. Hii ndiyo ndoto yenyewe? Kusimama nyuma ya migongo ya wanaume, nikishikilia noti ili mwingine apae nayo? Mimi nilitaka mbele. Haya ni makombo. Na nyimbo zangu nimezitupa kwa mikono yangu.

Gachau akauliza kama nguo za Rachael zimekauka. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 24 Septemba
Nimefanya mazoezi chooni shuleni, watoto wakiwa nje. Koo linauma. Mwalimu mwenzangu aligonga akauliza ni nani huyo mwanaume humo ndani. Nilikaa mpaka akaenda.

Jumamosi, 27 Septemba
Naandika hapa hapa kanisani Ruiru, benchi ya nyuma ya jukwaa, wakati wa chai. Rachael ametuma ujumbe: Gachau alimpigia, naye hakuweza kudanganya. Amemwambia ni kwaya. Hakumwambia ni sauti gani.

Sasa hivi Gachau amefika. Nimesikia pikipiki, nikachungulia. Amekaa viti vya mwisho, kofia ya chuma magotini. Hajaniona. Mimi mfupi, na wanaume wamesimama mbele yangu na vikombe vyao. Mzee Kyalo ana mgongo kama mlango. Kuna njia ya kutokea kando. Ningeweza. Ningekaa nje, ningemwambia nilikuja tu kusikiza, turudi Thika, yaishe.

Asubuhi nzima nilikwaruza. Nikikatika mbele yake sitarudi tena popote, najijua.

Austine anapiga makofi. Chai imeisha. Mzee Kyalo ameinama, anasema, weka kalamu chini, msichana, tunaanza.

Gachau amenyoosha shingo. Anapitisha macho safu ya mbele, kwa akina mama, mmoja mmoja, polepole. Amefika mwisho, ameanza tena. Ananitafuta kwa sauti ya kwanza.