Kibuyu cha Pili Langoni

Tarehe 9 Novemba

Mwanangu Nidia,

Nakusalimu mama, na nauliza kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko Mérida. Unakula? Sweta limekutosha? Sisi huku ni wazima wa mwili, bata mzinga wameanza kutaga tena. Ningeweza kukupigia kwa simu ya dukani, lakini wenye duka wangesikia. Tafadhali isome barua hii ukiwa umekaa.

Kifo cha Don Anselmo najua umeshakisikia. Mimi nimempikia miaka kumi na mmoja pale kambini kwa wasomi wanaochimba mji wa mababu zetu, na kila asubuhi ilikuwa utani ule ule, "Doña Eusebia, leo umetia sukari uniue?" Alikuwa na kisukari, unakumbuka, chokoleti yake aliinywa chungu vile vile. Hapa kwetu hakuna mwingine anayeinywa hivyo.

Jumanne ile Gaspar wako alituambia mezani kwamba mzee ameondoka alfajiri kwenda Mérida. Hatukushangaa, walikuwa wamegombana. Mzee alichapisha maana ya maandishi ya lile jiwe kubwa kwa jina lake, na sote tunajua Gaspar ndiye aliyeyasoma kwanza, miaka minne amepiga magoti juani. Aliniambia, "Mama mkwe, huyu mzee kaniibia macho yangu." Nikamwambia atulie, harusi imekaribia.

Jumatano ilikuwa siku ya kuwalisha marehemu wetu wakubwa. Nikafukua pibi, ule mkate wetu wa mahindi na kuku, shimoni, nikawapangia baba yako na babu zako mezani. Kibuyu cha yule asiye na wa kumwombea nikakitundika nje ya lango kama kila mwaka, chokoleti tamu. Gaspar akaja, akakitazama. Akaniomba nitundike cha pili, kisicho na sukari. Nikamtania, "We msomi, roho zimeanza lini kuugua kisukari?" Hakucheka. Alisema bibi yake alimlea hivyo, aliyekufa peke yake asiachwe na kiu. Basi nikatundika.

Ijumaa tumbusi walituonyesha. Mzee alikuwa ndani ya lile tangi la kale la chini ya ardhi, kichwa kimepondwa kwa nyundo. Askari wakamchukua mjomba wako Fulgencio kwa sababu yeye ni mlinzi wa machimbo na ufunguo wa mfuniko ni wake. Akawaambia ufunguo hukaa msumarini, kila mtu huuchukua. Hawakumsikiliza.

Mimi sikulia. Nilirudi nyumbani nikasimama langoni. Kibuyu cha kwanza kilikuwa cheusi kwa sisimizi. Cha pili hawakukigusa.

Nikakiteremsha, nikakiosha, nikakaa kimya siku nne. Hilo ndilo ninalokuungamia, Nidia. Kaka yangu analala kwenye saruji, mimi nadarizi maua ya hipili, gauni lako la harusi. Nilimaliza upindo wote. Vidole vilikwenda vyenyewe.

Jumanne iliyofuata nilimpelekea mjomba wako chakula. Hakuuliza habari ya kesi yake. Aliuliza, "Nguo ya harusi ya mtoto umefika wapi?" Nikamwambia nimemaliza. Kisha nikavuka ua nikaingia kwa mkuu wa askari nikamweleza habari ya vibuyu viwili, na kwamba kile kichungu Gaspar alikiomba siku mbili kabla tumbusi hawajatuonyesha.

Gaspar aliletwa akaulizwa mbele yangu. Hakukana. Alisema tu, "Mama mkwe hasemi uongo." Nilimsogezea kiti. Sijui kwa nini.

Waliponiletea karatasi ya ushahidi wangu nitie sahihi, walileta na wino wa kidole. Nikawaambia sihitaji, najua kuandika jina langu. Gaspar alinifundisha, unakumbuka, mwaka jana pale jikoni, ili nisiwe namtafuta mtu wa kukuandikia barua. Nikaandika polepole, sikukosea herufi hata moja.

Mjomba wako alirudi jana, anakusalimu, na bibi yako pia. Hipili nimeikunja sandukuni, sijaifumua. Ukija, nitakuwa nyumbani. Usipotaka kuniona, basi niandikie neno moja tu kwamba unakula.

Ni mimi mama yako,
Eusebia Canul