Madoa Haoni Gizani

Muaither, Jumanne

Eti jeuri. Farasi haoni, halafu aitwe jeuri!

Jioni umeme ulikatika bandani, na Madoa akagoma kuingia. Mzee Hamisi, msimamizi wetu, akanipa mjeledi.

"Mchape huyu jeuri, Wanjala! Farasi wa Kiarabu wote wameingia."

"Siwezi, mzee. Daktari alituambia sote: baadhi ya hawa farasi wa madoadoa, Apalusa, huzaliwa hawaoni gizani."

Akaninyang'anya mjeledi, akainua mkono. Nikasimama katikati yao. "Basi anza na mimi."

Akanitazama, akatema mate mchangani, akaondoka akisema kesho nikajieleze mwenyewe kwa mudiri, mkuu wa mabanda. Nikawasha tochi ya simu, nikashika hatamu, tukaingia polepole. Ile pua yake ya waridi ilikuwa ikitetemeka kiganjani mwangu.

Ukoo wake ulikuzwa na wenyeji wa asili wa Amerika, waliochagua farasi wenye mbio na moyo. Hapa wanamwita mchafu, kwa sababu ya madoadoa na kwato zenye mistari. Waite watakavyo.

Naogopa kesho, nisijidanganye. Nikifukuzwa kazi hapa ugenini nikarudishwa Kenya, sijui nitamwambia nini Mama. Lakini mudiri akiniuliza kama nitarudia, nitamjibu ndiyo, nikimtazama machoni.