Maktaba Iliyobaki Nyumbani kwa Shemeji

Wee, acha unachofanya usome hii. Shemeji yangu wa kompyuta kaumbuka leo alikoenda kuomba kazi. Yuko hapa sebuleni, kajifunika uso na mto.

Programu yake ilikuwa ijengwe kwenye kompyuta ya bosi, yaani maandishi yake yageuzwe kuwa kitu kinachofanya kazi. Ikikubali, anaajiriwa moja kwa moja. Kwake ilikuwa inakubali kila siku!

Sasa, programu hiyo inategemea maktaba ya kuchora picha, si ya vitabu, bali fungu la msimbo ulioandikwa na watu wengine. Badala ya kuiagiza iulize kila kompyuta maktaba iko wapi, bwana kaiandikia folda yake mwenyewe. Ya kompyuta ya nyumbani kwake!

Wakubwa wote wametoa macho, skrini ukutani ikaandika: "Maktaba haipo kwenye folda NITAPANGA_KESHO."

Nitapanga kesho, ndugu yangu! Maneno yale yale anayompa dada yangu kuhusu nguo zake sakafuni.

Bosi kauliza, "Kijana, hiyo kesho ni lini?"

"Sasa hivi, mzee."

Jasho linamtoka, kafuta jina la folda, kaiagiza iulize kompyuta yenyewe maktaba iko wapi. Ikajengeka!

Kazi kapata. Ila bosi alipomwambia aanze kesho, chumba kizima kikaangua kicheko, na dada hapa hajaacha kucheka mpaka sasa.