Mtaalamu wa Mila za Pwani

Mocímboa da Praia,
Jumapili baada ya adhuhuri

Kwako kaka yangu Sadique,

Assalam aleikum. Kabla ya yote nakuulizia hali yako, na hali ya wifi Dulce na watoto. Natumaini mikono itakayoifungua barua hii ni ya mtu mwenye afya. Sisi huku, alhamdulillahi, tunapumua. Mama magoti yanamsumbua akikaa chini muda mrefu, lakini maji yakipwa huyasahau, akashika kijiti chake na kwenda mwambani kuchokoa pweza kama zamani. Nyumba tumeiezeka upya upande wa jikoni. Upande ule uliochomwa vitani bado tunautazama tu. Majirani wengi wamerudi, na wale ambao hawajarudi tumeacha kuwaulizia kwa sauti.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Nimeandika kwa sababu ujumbe wa simu huwa unaujibu kwa picha ya kidole gumba, na haya ninayokueleza si mambo ya kidole gumba. Anayekuletea ni Tomás, dereva wa kazini kwetu, anakuja Maputo kutibiwa macho. Mpe walau chai.

Mwaka jana nilikuambia nimepata kazi ya ukarani na ukalimani. Ulinipongeza, lakini hukuuliza ni kazi ya nani, na mimi sikukutajia. Basi sasa nakutajia. Ni kampuni ya wageni kutoka Ulaya inayonunua pweza, inawagandisha na kuwapeleka kwao. Meneja wetu anaitwa Senhor Henrik, mtu mrefu na mpole ambaye ngozi yake inababuka kila akitoka kwenye kivuli. Kireno chake ni cha kuokoteza, Kiswahili hana kabisa, ila nia anayo. Nataka ulijue hilo mapema, ili usije ukasema namchukia kwa weupe wake.

Kabla hatujakutana na wanawake wa pweza, makao makuu ya Ulaya yaliamua kwamba sote tufundishwe mila za watu wa pwani, tusije tukawakosea wenyeji. Mimi, niliyezaliwa hatua chache kutoka ufukweni, niliwekwa kwenye kiti kufundishwa mila zangu. Walimkodi mtaalamu wa Maputo. Clésio, kijana wetu wa kompyuta, akatundika shuka jeupe ukutani, na mtaalamu akatutokea pale kwa video kutoka Maputo, akiwa amevaa koti na tai, nyuma yake rafu ya vitabu iliyopangwa kwa rangi.

Kaka, nilisikiliza kwa masikio yangu yote mawili. Mtaalamu alieleza kwamba mtu wa pwani hana haraka, kwa hiyo asiulizwe jambo la biashara kabla hajaulizwa habari za mume, za watoto, za mifugo na za mavuno, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Alisema mtu wa pwani hasemi hapana, kwa sababu kwake hapana ni tusi. Akasema mwanamke wa pwani akinyamaza na kuinamisha macho, ujue ameridhika, na ole wako urudie swali, kwa maana utakuwa umemdharau mbele ya wenzake. Senhor Henrik aliandika yote. Clésio, ambaye kabla ya kazi hii bahari aliijua kwa picha, alipiga makofi. Mtaalamu akatoa na mfano. Alisema anamfahamu mama mmoja wa pwani ambaye mumewe alimwambia wanauza shamba la minazi. Mama yule hakutoa neno, aliinamisha kichwa tu, na biashara ikaisha kwa amani. Akatabasamu aliposema amani. Mfano huo nitaurudia.

Wiki iliyofuata tukakutana na wanawake wenyewe, kwenye darasa la shule iliyofunguliwa tena. Walikuja wengi, pamoja na mama. Kwa kuwa kampuni haitembei bila ulinzi, mlangoni walisimama askari wawili wenye bunduki. Senhor Henrik akaanza kuuliza habari kama alivyofundishwa. Alimwendea mmoja mmoja, ameinama, mkono kifuani. Alipofika kwa Bi Aida aliniambia nimuulize kama mume hajambo. Nikamnong'oneza kwamba mume wa Bi Aida alichinjwa mwaka ule wa vita, na hata kaburi hana. Akaniangalia kwa huruma, akasema mtaalamu ameonya kwamba kuruka swali ni utovu wa adabu. Akauliza mwenyewe, kwa Kiswahili alichokariri: "Mume hajambo?"

Bi Aida akajibu, "Hajambo." Angesema nini? Akaulizwa na mifugo, akasema haijambo pia. Mbuzi wake waliliwa na watu wasiojulikana siku ile ile aliyouawa mumewe.

Baada ya hapo likasomwa sharti la kampuni. Pweza wote wa mwambani wauziwe wao, wabichi, asibaki hata mmoja wa kukausha wala wa kumuuzia mchuuzi mwingine. Unamkumbuka Atumane, anayepeleka pweza wakavu juu Mueda? Wakati tulipokuwa wakimbizi, ni yeye aliyemkopesha mama unga wakati hatuna hata sufuria. Sharti lile lilikuwa linamfukuza Atumane ufukweni. Senhor Henrik akauliza kama wanakubali. Wanawake wakanyamaza. Wakainamisha macho. Nilitaka niulize mara ya pili, akanizuia kwa mkono, akatabasamu, akashukuru, akafunga mkutano.

Nilimfuata ofisini nikamwambia hawa hawajakubali. Nikamweleza kwamba kwetu mgeni husikilizwa mpaka mwisho, halafu watu hurudi nyumbani wakashauriana, na jibu huja baadaye kwa mdomo wa mkubwa wao. Nikamwambia pia kwamba wanawake hawa wamejifunza jambo jingine ambalo halimo kwenye mila yoyote: mbele ya mtu mwenye bunduki, unaangalia chini na kufunga mdomo, ndivyo walivyobaki hai. Alinisikiliza kwa adabu sana. Kisha akanijibu kwamba mtaalamu aliwatahadharisha, mtu aliyezaliwa mahali hana umbali wa kutosha wa kupaona. Hebu fikiria. Umbali! Yule wa kwenye shuka alikuwa na umbali wa nchi nzima, kwa hiyo ndiye aliyeona vizuri.

Basi bahari ikapwa, wanawake wakaenda mwambani, wakarudi na pweza. Wengine wakawapeleka kwa kampuni, wengine wakaenda kwa Atumane, kama kawaida. Walinzi wa kampuni walikuwa wameambiwa kwamba mkataba umekubaliwa na anayeuza pembeni anavunja ahadi. Wakamsukuma Atumane, wakavunja kigari chake. Kisha mmoja akapiga teke ndoo iliyokuwa karibu, pweza wakamwagika mchangani, akawakanyaga kwa buti ili iwe funzo.

Ndoo ilikuwa ya mama.

Mimi sikuwepo, nilielezwa na Bi Aida. Alisema mama hakupiga kelele. Alipiga magoti, yale yale yanayomuuma, akawa anaokota vipande na kuvisuuza kwa maji ya bahari, na mlinzi amesimama juu yake anamwambia asaini karatasi ya mkataba kwanza ndipo aondoke. Hakusaini, maana hajui kusaini, nawe unajua. Nilipofika nyumbani nilimkuta anachemsha vile vipande. Tulikula mchanga usiku ule, kaka.

Kesho yake nilimwambia Senhor Henrik aitishe mkutano mwingine, bila bunduki mlangoni, la sivyo atafute mkalimani mwingine. Nadhani aliona uso wangu, akakubali. Safari hii sikungoja mtu yeyote aulizwe habari za mbuzi. Nilifasiri sharti lote upya, nikakaa. Wanawake wakatazamana. Mama akainuka, ameshika ukuta, akamwangalia Senhor Henrik machoni.

"Sitaki," akasema.

Nikafasiri. Senhor Henrik akaniuliza kama hiyo ni namna ya heshima ya kusema ndiyo. Naapa ndivyo alivyouliza. Kabla sijafungua mdomo mama akasema tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto: "Si-ta-ki." Bi Aida akasema hataki. Aliyefuata akasema hataki. Neno likazunguka darasa zima, na wengine wakaanza kucheka kwa jinsi lilivyokuwa tamu mdomoni. Senhor Henrik akawa mwekundu mpaka shingoni. Lakini nitasema haki yake: aliomba radhi kwa mama mbele ya watu, mlinzi yule akaondolewa, Atumane akapewa kigari kingine, na sasa kila mwanamke anamuuzia amtakaye. Kampuni inapata pweza wa kutosha. Ingewapata tangu siku ya kwanza kama ingeuliza mara mbili.

Unadhani wamejifunza? Makao makuu wameandika kwamba kilichotokea ni hitilafu ya mawasiliano baina ya tamaduni, na dawa yake ni mafunzo zaidi. Mwezi ujao wanamleta mtaalamu mwenyewe hapa Mocímboa, kwa ndege, aje aeleze kwa nini wanawake wa pwani walibadilika.

Sasa narudi kwenye ule mfano wa shamba la minazi. Mama yule aliyeinamisha kichwa ni mama yetu, na mtaalamu yule ni wewe.

Nilikuwa kiti cha nyuma, karibu na feni. Hukuniona kwa sababu kamera ilikuwa inamtazama meneja. Nilikutambua kabla hujataja jina lako, kwa jinsi ulivyokohoa, kikohozi kile cha baba. Nikasema moyoni, ngoja nione kaka yangu amekuwa nani. Uliondoka hapa na sanduku moja kabla ya vita. Hukurudi tulipokimbia, hukurudi tuliporudi. Sikukulaumu, kila mtu na maisha yake. Lakini umeyachukua maisha yetu ukayafanya bidhaa, ukawauzia watu wasioweza kugundua kwamba imeoza. Siku baba alipouza shamba, wewe ulikuwa barazani, ukaona mama ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa jikoni. Nilimwona akiuma kanga ili sauti isitoke. Minazi ile ilipandwa na mama yake. Alinyamaza kwa sababu baba alikuwa ameshapokea fedha na wageni wamekaa. Hiyo ndiyo amani yako. Hukuwahi kumuuliza. Mama yako mzazi hukuwahi kumuuliza, ukaenda kuwafundisha wazungu jinsi ya kutouliza.

Nilikuwa nimepanga kumficha mama habari hii, uje ukutane naye mbele ya meneja wako, aibu ikukute umevaa tai. Nilifurahia wazo hilo siku kadhaa, sikufichi. Lakini juzi alikuwa anauliza tena ni nani aliyewafundisha wale watu mambo ya kipumbavu, nikashindwa. Nikamwambia. Nikamwambia yote, na mfano wa shamba.

Alikaa na ungo wake wa mchele mapajani, akaendelea kupembua. Nikadhani hakusikia. Kisha akaniuliza ulionekanaje pale ukutani. Umekonda? Nikasema hapana, umenenepa. Akauliza kama koti lile ni zito, maana Maputo kuna baridi. Nilikasirika, nikamwambia mama, huyu ndiye aliyekumwagia pweza. Akasema amesikia, yeye si kiziwi. Akasema nikuandikie kwamba ile siku ya shamba alitaka kusema, na alikuwa anakutazama wewe, mwanawe mkubwa, kwamba labda utamsemea.

Basi nimekuandikia. Yangu nimeyamaliza na hayo ya mama si yangu, nimeyafikisha kama mkalimani tu.

Msalimie wifi Dulce, uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao ambaye hawajamwona. Bi Aida anakusalimu, ingawa hajui anamsalimu nani. Atumane anakusalimu pia. Mama anakusalimu sana. Anasema ukija, usifikie hotelini kwa wenye kampuni, ufikie nyumbani kwanza, uingilie mlango wa jikoni, umkute peke yake.

Ni mimi mdogo wako,
Alima