Rangi Mpya, Moto Hakuna

Mkwajuni, Jumanne

"Injini niliyoifumua mwenyewe haiwezi kukosa moto." Hayo ni maneno ya fundi Ambele, na ni uongo mtupu. Leo tumechomoa plagi ya pikipiki yangu, tukaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Hakuna hata cheche moja. Kabadilisha plagi, kabadilisha koili, wapi!

Nikamwambia umeme hauna njia ya kurudi, kwa sababu amepaka rangi fremu nzima, hata pale koili na waya wa athi vinapofungwa, na rangi haipitishi umeme.

"Kaka, nikikwangua naharibu rangi. Na rangi yenyewe nimekupigia bure!"

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakitutazama wakanicheka. "Mzee wa hoja, bishana nayo, itawaka!"

Mikate ya mke wangu, ninayoipeleka machimboni kwa pikipiki hii, imelala tena kikapuni. Wachimbaji wa Saza wameshaanza kununua kwa mwingine, na nauli ya bodaboda ingemeza faida yote. Tukiwapoteza hao, sijui tutakula... Na sidhani kama Ambele atanisikia kesho.

Ninyi mafundi mnaotafuta sifa kwa rangi, kwangueni hadi chuma kionekane! Sisi tunataka pikipiki ziwake.