Kamil Anatafuta Neno

Alhamisi, 8 Mei — Unionville, Kanada

Masanduku yako mlangoni. Kamil amekaa dirishani, amevaa koti tayari — na safari ni kesho jioni! Nimemwambia avue. Akasema, "Okay." Hakuvua.

"Okay" ndilo neno alilobaki nalo. Hilo na "yes", na tusi dogo la Kikachi, lugha ya wazee wetu. Kiharusi cha mwaka jana kilichukua nguvu za mkono wa kulia, na mazungumzo karibu yote. Dua zimebaki. Hapo ndipo ninapostaajabu: jamatkhana, kwenye nyumba yetu ya ibada, anaomba mwanzo hadi mwisho bila kukwama, tukitoka nje hawezi kuomba maji. Yule binti wa mazoezi ya kusema, kule North York, humwonyesha picha za kikombe, kiti, mbwa, na kuvitaja kwa Kiingereza. Kamil humtazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa albamu ya harusi ya watu asiowajua.

Alykhan amekuja kutoka Pickering kutuaga. Bado anaona safari hii ni wazimu. Ametutafutia makao ya wazee karibu na kwake — vyumba viwili, bustani, wauguzi mchana na usiku. Nafasi wanatushikia hadi mwisho wa mwezi. Mkirudi mhamie, Mummy, na wewe upumzike. Yote kwa Kiingereza. Kiswahili mwanangu anakisikia, hakisemi. Ni mtoto mwema. Lakini alikuwa akizungumza juu ya kichwa cha baba yake, na mimi nikajibu juu ya kichwa hicho hicho.

Ureno aliichagua Kamil mwenyewe, kabla hajaugua. Alisema amekulia Mombasa chini ya kuta za ngome yao, sasa anataka kuona walikotokea.

Jumamosi, 10 Mei — Évora

Tumefika! Miguu yangu imevimba kama mikate. Kamil mzima.

Dereva tuliyemkodi alitutoa Lisbon asubuhi, na baada ya daraja kubwa nchi ikafunguka. Tambarare, maua ya njano na ya zambarau, na miti minene ambayo magome yake huvuliwa kutengenezea vizibo vya chupa. Shina lililovuliwa ni jekundu kabisa, kama mguu wa mtu aliyevua soksi. Na korongo! Wamejenga juu ya nguzo za umeme, kila nguzo na familia yake. Kamil alikuwa ananigusa bega kila anapowaona. Baadaye nikaacha kugeuka, akaendelea kunigusa.

Mji wenyewe umo ndani ya ukuta. Nyumba nyeupe zenye mkanda wa njano chini. Kwetu Unionville nyumba ya miaka mia inawekewa kibao na watu wanaipiga picha. Hapa nimeona mwanamke anaanika shuka kwenye dirisha lililochongwa ndani ya tao la mfereji wa maji wa zamani. Watu wanaishi ndani ya matao! Wana kengele za mlangoni!

Mwenye nyumba tuliyopanga anaitwa Dona Lurdes. Mnene, mchangamfu, Kiingereza hana. Alitukaribisha jikoni akapiga ubao kwa kiganja: "Mesa." Nikacheka peke yangu. Hakujua nacheka nini.

Jumapili, 11 Mei

Hekalu la Warumi. Sina maneno. Tulipinda kona tu, tukitafuta kahawa, na hizo hapo — nguzo zimesimama uwanjani, hazishikilii chochote isipokuwa mbingu. Hakuna geti, hakuna tiketi. Mbwa amelala kivulini mwake.

Nilidhani Kamil atachoka kusimama. Akaegemea bakora yake akasimama tu. Nikamwuliza, unawaza nini? Nikajuta kuuliza. Uso wake ukajikunja kutafuta, mdomo ukafunguka, ukafungwa. "Okay," akasema. Macho yakamjaa maji.

Tulikaa hapo mpaka kivuli cha nguzo kikatuvuka.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimejifunza neno, bado nalirudia mdomoni.

Dona Lurdes alikuwa anatuelekeza barabara. Akaonyesha minara ya kanisa kuu: "Igreja." Nikamwomba arudie. Igreja. Igereja. Gereza! Nikamgeukia Kamil: umesikia? Kanisa lao ndilo gereza letu! Sijui ilikuwaje. Labda wazee wa pwani walisikia neno kutoka ndani ya ngome, na ngome ilipogeuzwa jela neno likabaki humo na wafungwa. Kamil alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu mwaka juzi.

Halafu tukaingia humo humo "gerezani", mawe ya kijivu yanapanda juu mpaka shingo inauma. Baridi kama kisima. Mchana tukaenda kwenye ile chapeli yao ya mifupa. Kuta zote ni watu. Mapaja, mikono, mafuvu, yamepangwa kwa ustadi kama vile mtu anavyopanga matofali. Nilidhani nitaogopa, sikuogopa. Palikuwa na utulivu. Kwenye mlango wameandika kwamba sisi mifupa tuliopo hapa tunaisubiri yenu. Dah! Hawakuzungusha.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Hatukutoka. Dona Lurdes ametupikia supu ya mkate, kitunguu saumu, yai — na kotmiri nyingi iliyopondwa! Jiko zima lilinukia kama kwa mama yangu, Tanga. Kamil alikula mabakuli mawili kwa mkono wa kushoto.

Jumatano, 14 Mei — Monsaraz

Naandika haraka kabla sijasahau hata kitu kimoja.

Monsaraz ni kijiji juu ya kilima, ukuta kukizunguka, ngome mwishoni. Chini kuna ziwa limetapakaa kati ya vilima, na ng'ambo ni Uhispania. Nilishika ukingo wa ukuta nikasema Ya Ali, Ya Ali, kama mwendawazimu. Anga ilikuwa kubwa mno. Mwewe alikuwa anaruka chini yetu. Chini yetu!

Kamil hakuweza kupanda ngome. Nikamwacha kwenye benchi la mawe langoni, dakika chache tu. Niliposhuka, hayupo kwenye benchi. Nikamwita kwa sauti. Kumbe yuko upande wa pili, mezani, na wazee watatu wenye kofia. Wanacheza karata. Mwenzao wa nne ameitwa nyumbani, wakamwona mtu amekaa bure, wakamvuta.

Nikakimbia kueleza. Nikagusa kichwa changu, mdomo wangu, mkono wake. Mmoja, Senhor Anselmo, mwenye masharubu meupe, akanipungia mkono nikae. Alikuwa ameshaelewa. Alimchukulia Kamil kipande cha mkate mgumu, akauchana katikati kwa kisu, karata zikasimama humo kama watu kwenye foleni. Mkono wa kushoto unatosha.

Wakacheza. Saba kwao inamla mfalme, kama kwetu pwani. Kamil hakushangaa hata kidogo. Alicheza kama mtu aliyerudi kwao barazani. Anselmo akatupa karata: "Espadas!"

Na Kamil, sauti nzito, ya zamani, ile niliyoolewa nayo: "Shupaza."

Nikashika mdomo wangu. Yule wa kulia akatupa nyingine. "Copas." "Kopa!" "Ouros." "Uru!" Wazee wakaona mchezo mtamu, wakawa wanamtajia, naye anajibu, wanagonga meza. Trunfo — turufu. Paus — pau. Watu wakaanza kusimama kutazama.

Kisha yule wa kulia akafanya kitu na karata yake, sikuona nini. Kamil akamnyooshea kidole:

"Huyu anaibia! Nimemwona!"

Sentensi mbili. Nzima. Hakuna aliyezielewa isipokuwa mimi — na mwizi, kwa sababu alicheka akairudisha karata. Mimi nililia mbele za watu, sikuona haya. Baada ya mwaka mzima wa okay, mume wangu amefungua mdomo kumshtaki Mreno!

Alhamisi, 15 Mei

Maneno yamepotea tena. Nilimwamsha kwa "Habari za asubuhi, Kamil?" Okay. Nikamwonyesha kikombe, mkate. Nikapekua dukani nikanunua karata, nikazitandaza. Akazisukuma pembeni. Nadhani nilikuwa namfanya kama yule binti wa North York.

Aliteleza bafuni. Hakuumia, lakini kumwinua ilinichukua muda, na sasa mgongo wangu umenasa. Tulikaa chini kwenye vigae, wote wawili tunahema. Nikawaza ngazi za nyumbani, na barafu ya Januari mlangoni. Nikawaza bustani ya Alykhan, na muuguzi kijana mwenye mikono imara. Nilitamani. Acha niandike kweli: nilitamani sana.

Ijumaa, 16 Mei — Mértola

Dereva ametuleta kusini, mpaka Mértola. Nyumba nyeupe zimepanda kilima, mto Guadiana chini, kijani, taratibu. Tumelala hapa.

Kanisa lao lilikuwa msikiti. Nilikuwa nimesoma, lakini kusoma si kuona. Nje chokaa tupu. Ndani nguzo, na juu ya nguzo dari imepinda kama viganja vilivyokutana. Nyuma ya altare — mihrabu! Kishimo ukutani, tao limechongwa plasta, limechakaa, lipo. Wameomba hapa wale, wakaomba hapa hawa, na ukuta haukumfukuza mtu.

Kamil alisimama mbele yake muda mrefu. Nikatarajia dua, hizo anaziweza. Hakuomba. Alinigeukia, akahangaika, akahangaika — nikajizuia — akasema: "Noor. Pazuri."

Ameniita jina langu. Si karata, si dua, hakuna aliyemtajia kwanza. Lilitoka kwake mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Kifungua kinywa uani, chini ya mlimau. Mbayuwayu wengi. Alykhan amepiga video. Nimeegemeza simu kwenye jagi ili atuone wote wawili. Uso wake umechoka. Kwao ni alfajiri. Anasema kuna familia nyingine inaitaka ile nafasi, wanataka jibu leo. Anachohitaji ni mimi niseme ndiyo, mengine atayamaliza yeye.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Sijui ningesema nini. Ndiyo, nadhani.

Kamil akaweka kiganja mezani. "Sitaki."

Alykhan akaniuliza mimi: hataki nini, mkate? Nikaanza kujibu — Kamil akaninyooshea mkono ule ule wa kushoto, kiganja wazi. Nikanyamaza. Nimechukua kalamu hii nisije nikamsemea, ndiyo maana naandika huku mambo yanaendelea.

Sasa Alykhan anamtazama baba yake, si mimi. Na kwa Kiswahili — sijamsikia tangu akiwa darasa la kwanza, ulimi mzito, kama anatembea pekupeku juu ya kokoto:

"Pappa. Wewe... unataka nini?"

Kamil ameinamisha kichwa. Anatafuta. Jasho limemtoka kwenye paji la uso. Akisema nyumbani, ni mimi nitakayempandisha zile ngazi, na mgongo huu. Najua. Hata hivyo nataka kusikia.

"Nataka," anasema.

Amekwama hapo. Mwanamke wa hoteli amekuja na kahawa, nimemwashiria asubiri. Alykhan amesogeza uso karibu na skrini.

"Nataka —"

Hakuna anayemkatiza.