Basi Lisilofika Natta

Mbalibali, Jumamosi. Agosti 1957.

Leo kumekucha na vumbi. Upepo unatoka upande wa mbugani, umebeba majivu ya nyasi zilizochomwa, na kila kitu hapa nyumbani kwa mama kina ladha ya moshi, hata uji. Sasa jua limeshapita utosini. Nimekaa nje, daftari juu ya goti.

Juzi nilifanya jambo la aibu. Naliandika kabla sijalitafutia maelezo mazuri.

Barua yangu ya kazi inasema mimi ni msaidizi wa mwanasheria wa serikali katika mambo ya leseni za magari ya abiria. Hapa nyumbani wanafupisha, wananiita wakili. Mimi si wakili. Nina mwaka na nusu kazini. Napanga majalada, nachapa barua, natafsiri, na mwanasheria mwenyewe, Bwana Hollis, akizidiwa na shughuli huniachia nimwandalie maswali ya kuuliza kikaoni. Mwenyekiti wa leseni ndiye anayeamua nani abebe watu katika njia ipi. Sisi tunamweleza sheria inasema nini. Na sheria inasema njia ikishapewa kampuni moja, mwingine hapewi mpaka athibitishe kwamba watu wa njia hiyo hawapati usafiri wa kutosha.

Alhamisi tulikaa Natta, katika nyumba ya baraza. Mwombaji alikuwa Makuru, mtu wa Natta, aliyejifunza udereva jeshini wakati wa vita. Ana lori moja lenye leseni ya mizigo, anabeba pamba. Aliomba aruhusiwe kubeba na abiria, kutoka Natta kupitia Issenye mpaka Musoma, mara mbili kwa juma. Aliyempinga alikuwa wakala wa kampuni ya mabasi yenye njia hiyo. Wakala alileta ratiba iliyopigwa chapa vizuri: Jumanne na Ijumaa basi linafika Natta, halikosi, isipokuwa mvua ikikata barabara.

Ratiba hiyo niliisoma ofisini wiki mbili kabla ya kikao. Nilijua ni uongo, na sikuambiwa na mtu. Nilijua kwa sababu niliwahi kulingoja basi hilo.

Mwaka jana, wakati wa mavuno ya pamba, nilikuja likizo nikamkuta mama amevimba tumbo, hawezi kusimama. Mimi na majirani watatu tulimbeba kwa kitanda kutoka hapa mpaka barabarani Natta. Ilikuwa Jumanne. Basi halikuja. Tukamlaza kwenye baraza ya duka, tukangoja mpaka Ijumaa, na Ijumaa halikuja vilevile. Mvua haikuwepo, mto ulikuwa mchanga mtupu. Ijumaa hiyo alasiri Makuru akapita, lori limejaa pamba. Hakuuliza mengi. Alishuka, akasogeza magunia akatengeneza nafasi, tukampandisha mama, nami nikapanda kumshika asitikisike. Alitufikisha hospitali Musoma. Daktari aliniambia tungechelewa siku moja zaidi asingepona.

Mama yu hai. Namsikia hapa nyuma ya nyumba anafagia.

Ofisini sikumwambia mtu habari ya safari ile. Ningeanzaje? Karani wa ofisi ya leseni amepanda gari lisilo na leseni ya abiria, na amemficha aliyembeba.

Basi Alhamisi watu walijaa. Walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema basi haliji. Mwenyekiti aliwasikiliza kwa upole, kalamu imelala mezani. Kisha Bwana Hollis akafungua karatasi yake akamwuliza Makuru swali la nne: amtaje mtu mmoja, kwa jina na kwa siku, aliyengoja basi siku ya ratiba asilipate, na aeleze mtu huyo baadaye alisafiri kwa njia gani.

Swali la nne nililiandika mimi.

Nilijivunia sana. Linafunga milango miwili kwa pamoja: asipotaja jina, hana ushahidi, akitaja, itambidi akiri kwamba amebeba abiria bila leseni. Bwana Hollis alilichorea mstari mwekundu akasema siku moja nitakuwa mwanasheria kweli. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilipoliandika sikuwa namfikiria Makuru. Nilikuwa namfikiria. Nilijua jina ambalo angeweza kulitaja, na nililiandika swali hivyohivyo.

Nikalitafsiri kwa Kinatta, lugha yetu ya hapa, neno kwa neno. Makuru hakumtazama Bwana Hollis wala mwenyekiti. Alinitazama mimi.

"Wamekuwa wengi," alisema. "Majina nimesahau."

Nikatafsiri hivyo.

Kabla ya saa sita ombi lilikuwa limekataliwa. Nje, Bwana Hollis alinipiga bega, akasema kazi ilikuwa safi. Yeye alikuwa anaendelea na safari yake upande wa Ikoma mpaka Jumatatu, akanipa ruhusa ya kuja kumsalimu mama. Nilimshukuru. Nilimshukuru mara mbili.

Makuru nilimkuta kwenye lori lake, anakaza nati za gurudumu. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba kama siku zote. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha, badala yake nikajikuta namwuliza kwa nini hakunitaja.

"Ningekutaja wangekufukuza," alisema. "Upande ule wa meza tuna mtoto mmoja tu."

Kisha akauliza mama anaendeleaje.

Heri angenitukana.

Nilifika hapa jioni, na jana tangu asubuhi nilimkwepa mama. Nilikata kuni zisizohitajika. Nikaziba tundu la zizi. Alasiri akaniita, akauliza kama Makuru amepata ile karatasi yake. Nikamwambia hakupata. Akauliza kwa nini, nikamweleza yote, na swali la nne sikulificha. Alikuwa anapepeta ulezi. Hakusimamisha mikono mpaka ungo ulipokuwa safi, akaumimina, ndipo akanigeukia.

"Kwani mimi sina jina?" aliuliza. "Aliyengoja ni mimi. Niandike."

Nilijaribu kumfafanulia. Nilimwambia watamwuliza nani alimbeba, na Makuru anaweza kutozwa faini au lori likazuiliwa. Nilimwambia watamwuliza pia alikuwa na nani siku ile.

"Nitasema nilikuwa na mwanangu," alisema mama. "Au unataka nidanganye?"

Nimesomeshwa mpaka darasa la kumi na mbili, nimekaa na vitabu vya sheria, na mwanamke asiyejua kusoma ndiye aliyenikumbusha shahidi ni nani. Akaongeza kwamba asubuhi niende kwanza kwa Makuru nimwulize, kwa maana lori ni lake na si letu kulitia hatarini.

Kwa hiyo leo alfajiri nimeazima baiskeli ya jirani nikaenda Natta. Njiani kitu kimoja kilinijia, na kilinichoma kwa sababu kilipaswa kunijia Alhamisi. Sheria haimkatazi mwenye lori la mizigo kumsaidia mtu. Inamkataza kubeba abiria kwa malipo. Naijua sentensi hiyo kwa moyo. Lakini Alhamisi moyo wangu ulikuwa na kazi nyingine, ulikuwa unajificha.

Nilimwuliza Makuru kama kuna mtu alimlipa kwa safari ile. Alicheka kidogo.

"Mama yako alipopona aliniletea kuku," alisema. "Na kuku naye yumo kwenye sheria yenu?"

Nilimjibu ukweli, kwamba sijui. Mimi naona yule kuku ni shukrani, lakini Bwana Hollis anaweza kumwita malipo, na akimwita hivyo Makuru ataumia. Sikutaka kumshawishi. Nilimwambia akikataa nitaelewa, na nitatafuta njia nyingine, ingawa kusema kweli njia nyingine sikuwa nayo. Alifuta mikono yake kwa tambara, akaenda kumwita mkewe, wakazungumza pembeni kwa muda. Aliporudi alisema niandike, na kuku nimwandike.

"Usimfiche," alisema. "Wakimgundua wenyewe watasema tulikuwa wezi."

Nimeandika. Kurasa mbili za Kiswahili, na nyingine mbili za Kiingereza ili pasiwe na kisingizio. Siku ya kwanza ya kungoja, siku ya mwisho, baraza ya duka, mto mkavu, magunia, kuku. Uamuzi unaweza kutazamwa upya ukipatikana ushahidi ambao haukuletwa kikaoni. Hilo nalo nililijua tangu Alhamisi. Mama ameweka dole gumba lake kwa wino wa kalamu yangu, akalitazama muda mrefu kana kwamba ni la mtu mwingine. Chini yake nimeandika jina langu, kwamba nilikuwepo na niliyaona haya kwa macho yangu. Chini ya jina panatakiwa cheo. Niliinuka nikanywa maji, nikarudi nikakiandika.

Naogopa, sitasema uongo. Wadogo zangu wawili wanasoma kwa kazi hii. Inawezekana Makuru alikuwa na haki kuliko mimi, kwamba mtoto mmoja upande ule wa meza ni bora kuliko kutokuwa na hata mmoja. Lakini mtoto huyo ana faida gani kama kazi yake ni kuwatungia watu wake maswali yasiyo na jibu? Nimejiuliza hivyo tangu asubuhi.

Jumatatu Landrova itapita Natta kunichukua. Karatasi hizi nitampa Bwana Hollis nikiwa bado nimesimama chini, kabla sijafungua mlango. Najijua. Nikishakaa kwenye kile kiti cha gari kando yake, zitabaki mfukoni mpaka Musoma.